Mkwaruzo wa Maikroni 50: Hesabu ya Plastiki za Ndani ya Gari

Chukua mkwaruzo wa kawaida kwenye paneli ya mlango wa gari: urefu sentimita 10, upana nusu milimita, kina milimita 0.05, yaani maikroni 50. Ukiuhesabu kama mfereji wa umbo la V, nafasi iliyochimbwa ni milimita za ujazo 1.25. Tone moja la maji lina kama 50. Kwa hiyo tone moja linatosha kujaza mikwaruzo 40 ya namna hiyo, na plastiki iliyosogezwa katika kila mmoja haifiki miligramu 2. Polipropilini, plastiki inayotumika sana ndani ya magari, huuzwa viwandani kwa dola 1 hadi 1.5 hivi kwa kilo. Hakuna sarafu ndogo ya kulipia hasara hiyo.

Sasa lipeleke gari gereji uulize bei. Mazungumzo huwa haya:

"Fundi, hii utanifanyia shilingi ngapi?"

"Bosi, hiyo tunaijaza, tunapiga rangi paneli nzima, inarudi mpya."

"Paneli nzima kwa kamstari haka?"

"Sasa bosi, rangi haikubali nusu."

Fundi hasemi uongo. Paneli ya mlango ikiwa na plastiki ngumu yenye eneo la mita za mraba 0.6, na mkwaruzo wetu una eneo la milimita za mraba 50, basi eneo litakalopulizwa rangi ni mara 12,000 ya eneo lililoharibika. Hesabu ya kazi hii imejificha kwenye uwiano huo. Hulipii plastiki, unalipia nakshi ya uso wake, mng'ao na saa za mtu. Ukishazipanga gharama hizo utaona kwamba njia rahisi kuliko zote, ya kupasha joto, ina mantiki, kubadilisha paneli nzima nako kuna mantiki, ila ile ya katikati, ya kujaza na kupuliza, ndiyo inayokula pesa za watu wengi bila sababu.

Tuanze na kilichokwaruzwa. Plastiki ngumu katika magari mengi yanayotoka Japani ni polipropilini iliyochanganywa na mpira kidogo na unga wa talki. Toyota ina mchanganyiko wake wa ukoo huo, Toyota Super Olefin Polymer, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huna haja ya kubahatisha: chomoa paneli, igeuze, na nyuma yake utakuta herufi zilizochapwa ndani ya plastiki kwa kufuata kiwango cha ISO 11469. PP-TD20 maana yake ni polipropilini yenye asilimia 20 ya talki kwa uzito. Ukiona EPDM, huo ndio mpira. Ukiona ABS au PC+ABS, hiyo ni plastiki nyingine kabisa na itatengenezwa kwa njia nyingine. Kuna mafundi wanaokata kipande kidogo na kukitumbukiza majini: kikielea ni polipropilini, kikizama ni ABS. Kwa plastiki tupu wako sahihi, kwani polipropilini ina gramu 0.9 kwa sentimita ya ujazo na ABS ina 1.05. Lakini ukitia talki asilimia 20, polipropilini hufika karibu 1.04 na kuzama vilevile. Herufi za nyuma ni za kuaminika kuliko ndoo ya maji.

Talki ndiyo inayoufanya mkwaruzo uonekane mweupe hata usipokuwa na kina cha kutisha. Ncha ya ufunguo au pete inapopita, plastiki hunyumbuka na kuachana na punje za talki. Hubaki vijishimo vidogo vya hewa, na mwanga ukivipiga husambaa pande zote. Jicho huona weupe. Viwanda vinaujua udhaifu huu vizuri. Jaribio lao la kawaida huburuza ncha ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 1 juu ya plastiki kwa nguvu ya nyutoni 10, sawa na uzito wa kilo moja hivi, kisha wanapima ni kiasi gani mstari umekuwa mweupe kuliko pembeni yake. Hawaanzi na kina. Wanaanza na weupe, kwa sababu weupe ndio utakaomleta mteja kulalamika.

Hapa ndipo polishi ya dashibodi, ile inayouzwa kwenye foleni za magari, inapofanya miujiza yake ya siku tatu. Mwanga unapovuka kutoka hewani kuingia kwenye polipropilini, karibu asilimia 3.9 hurudishwa, maana kipimo cha mpindo wa mwanga ni 1 kwa hewa na 1.49 kwa plastiki hiyo. Mafuta ya silikoni yana kipimo cha 1.40. Yakijaa ndani ya vijishimo, mwanga unaorudishwa hushuka hadi asilimia 0.1. Hiyo ni pungufu mara 40, na ndiyo sababu mkwaruzo mweupe hupotea mbele ya macho yako dakika ile ile muuzaji anapopitisha kitambaa. Hakuna kilichotengenezwa. Silikoni ikikauka, ikifutwa au ikila vumbi, hewa inarudi kwenye nafasi yake na weupe unarudi nayo. Kibaya zaidi, mabaki ya silikoni huifanya rangi na gundi zikatae kushika baadaye, kwa hiyo aliyepaka polishi miaka miwili kisha akataka kupuliza rangi analipia pia saa za kuisugua itoke.

Njia ya kwanza ya kweli ni joto. Katika mkwaruzo wa juujuu plastiki nyingi haijatoka. Imesukumwa pembeni ikafanya matuta mawili membamba kandokando ya mfereji. Ukiipasha moto sehemu ya juu, plastiki inajaribu kurudi ilikokuwa, vijishimo vinazibika, na weupe unakwisha bila kuongeza kitu chochote. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hadi 165 za Selsiasi. Mashine ya kawaida ya hewa moto hutoa hewa ya nyuzi 500 hadi 600 mdomoni ikiwekwa juu kabisa. Kati ya namba hizo mbili ndipo paneli nyingi zimefia.

Fundi anayeijua kazi hii utamtambua kwa mkono wake. Kwanza anafuta kwa spiriti mara mbili, kitambaa cha pili kikitoka cheupe ndipo anaendelea. Mdomo wa mashine anauweka kama sentimita 15 kutoka kwenye paneli na hausimamishi hata mara moja. Anaupitisha mbele na nyuma kama anayepiga pasi kitambaa cha hariri, sekunde tano, anaondoa, anagusa kwa nyuma ya kidole, anarudia. Anatazama kwa pembeni, macho yakiwa karibu sawa na uso wa plastiki, akijihadhari na kitu kimoja tu: nakshi kuanza kung'aa. Iking'aa amechelewa. Mng'ao huo ni vilele vya nakshi vikianza kulala, na vikishalala havisimami tena.

Kwa nini sekunde tano na si dakika? Joto husafiri ndani ya plastiki polepole, na tunaweza kulihesabu. Kasi yake ya kusambaa katika polipropilini na ABS ni karibu milimita ya mraba 0.1 kwa sekunde. Gawanya mraba wa kina kwa namba hiyo upate muda kwa makadirio. Ngozi ya juu ya maikroni 100 hupata moto ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Milimita moja huchukua kama sekunde 10. Paneli nzima ya unene wa milimita 2.5 huchukua kama dakika moja. Ukipasha kwa sekunde chache na kuondoa, juu pamelainika lakini nyuma pangali baridi na pagumu, na umbo linashikiliwa na upande wa nyuma. Ukikaa dakika nzima mahali pamoja, paneli yote imelainika hadi kwenye vishikio vya klipu, na itakapopoa itapoa na umbo jipya. Paneli iliyopinda hairudi kwenye mlango wake, hivyo umegeuza tatizo la shilingi elfu chache kuwa la kununua paneli.

Umeme wenyewe si kitu. Mashine ya wati 2,000 ikifanya kazi dakika tano inakula uniti 0.17.

Joto lina mpaka, na mpaka huo ni nakshi. Ule uso unaofanana na ngozi haukuchorwa kwenye paneli, umechongwa kwenye kalibu ya chuma kwa tindikali, nao si wa kina kirefu. Katika orodha ya nakshi za Mold-Tech, ambazo viwanda vingi huzitumia kama rejea, MT-11010 ina kina cha inchi 0.001, yaani maikroni 25; MT-11020 ina maikroni 38; MT-11030 ina 51. Mkwaruzo wenye kina kidogo kuliko nakshi umegusa vilele tu, na joto linaweza kuumaliza. Ukifika chini ya mabonde ya nakshi, umekata muundo wenyewe, na hapo hata ukiuondoa weupe wote bado jicho litaona mstari, kwa kuwa mpangilio umekatika. Ukucha unatosha kupima: upitishe kwa kukatiza mkwaruzo, taratibu. Ukiteleza bila kukwama, jaribu joto. Ukikwama, joto litapunguza lakini halitafuta.

Ndipo watu wanapokimbilia msasa. Tazama namba kwanza. Msasa namba P320 una punje za wastani wa maikroni 46, P400 maikroni 35, P800 karibu 22, P2000 karibu 10. Punje ya P320 ina ukubwa unaokaribia kina chote cha nakshi uliyotaka kuiokoa. Kusugua mkwaruzo wa upana wa nusu milimita hufuta nakshi kwa upana wa sentimita mbili au tatu, kwa sababu kidole hakiwezi kusugua pembamba zaidi ya hapo. Ulikuwa na mstari, sasa una kiraka laini. Kuanzia hapo huna tena njia ya kurudi kwenye ukarabati mdogo. Ni lazima ujaze, utengeneze nakshi bandia na upulize rangi. Ningekuwa na mamlaka, ningeweka msasa kwenye kabati lenye kufuli.

Isipokuwa kwa zile plastiki nyeusi za kung'aa zinazozunguka redio na gia katika magari mapya kidogo. Hizo hazina nakshi, kwa hiyo msasa wa P2000 na maji, ukifuatiwa na polishi ya rangi ya gari, ni dawa halali. Mikwaruzo yake mingi hutokana na kitambaa chenye vumbi.

Tufike kwenye njia ya katikati, maana hapa ndipo kuna namba nyingi na ahadi nyingi.

Tatizo la kwanza ni kushika. Mwagia maji kidogo polipropilini safi utaona yanajikusanya matone badala ya kutandazika. Nishati ya uso wake ni karibu milinyutoni 30 kwa mita, na rangi nyingi zinahitaji uso wa 38 au zaidi ili zitandazike na kushika. ABS iko juu zaidi, na rangi huipokea bila shida kubwa. Kwa hiyo polipropilini inahitaji praima maalumu ya plastiki, yenye polipropilini iliyotiwa klorini, inayopulizwa nyembamba sana, kama maikroni 5. Fundi akiruka hatua hiyo, rangi itaonekana nzuri siku ya kukabidhi gari na kubanduka kwa ukucha baada ya wiki chache. Kwa ABS kuna ujanja wa bei nafuu: vipande vya ABS vilivyolowekwa kwenye asetoni hulainika vikawa uji mzito, ukijazia ukakauka ni plastiki ile ile imerudi mahali pake. Polipropilini haiyeyuki katika asetoni, kwa hiyo ujanja huo hauigusi. Ndiyo maana herufi za nyuma ya paneli zina thamani ya pesa.

Tatizo la pili ni jua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State na wenzao wa Chuo Kikuu cha California San Diego walichapisha mwaka 2018 vipimo vya magari yaliyoachwa juani siku za joto kali: baada ya saa moja dashibodi zilikuwa na wastani wa nyuzi 69. Dashibodi ya urefu wa mita 1.4 iliyotoka nyuzi 25 asubuhi hadi 69 mchana hutanuka karibu milimita 5, tukichukua kipimo cha 80 kwa milioni kwa kila nyuzi, kinachofaa kwa polipropilini yenye talki. Chuma cha urefu huo huo kingetanuka chini ya milimita 1. Puti ya bodi imetengenezwa kwa ajili ya chuma. Ni ngumu, hainyumbuki. Ukiijaza kwenye dashibodi inayotanuka na kusinyaa kila siku ya kazi, ufa utaanzia ukingoni mwa kijazio. Kijazio kinachofaa ni cha plastiki, chenye kunyumbuka, na bei yake si ya puti.

Tatizo la tatu ni mng'ao. Plastiki za ndani zimefubazwa makusudi ili zisirudishe mwanga kwenye kioo cha mbele. Kipimo chake huwa kati ya 1.5 na 3 kwenye mizani ambayo rangi ya nje ya gari hufika 90. Kikiwa chini kiasi hicho, tofauti ya 1 tu huonekana kwa macho. Rangi ikilingana sawasawa lakini mng'ao ukizidi kidogo, kiraka kinaonekana kila jua likiingia dirishani. Ndiyo sababu ya rangi kutokubali nusu: unapuliza hadi kwenye mshono wa paneli ili tofauti ijifiche pale ambapo plastiki moja inaishia na nyingine kuanza.

Sasa pesa. Bei za gereji za Grogan Nairobi si za Gerezani Dar es Salaam, na za Januari si za Juni, kwa hiyo nitaweka saa ya fundi kuwa Sh 10,000 kama mfano wa kuhesabia. Msomaji aweke yake. Joto: nusu saa pamoja na kusafisha, na vifaa vya Sh 1,000. Jumla Sh 6,000. Kujaza na kupuliza: kuchomoa paneli nusu saa, kusafisha robo, msasa nusu, praima robo, kijazio na kusubiri kikauke robo tatu, msasa tena nusu, nakshi bandia nusu, rangi mikono mitatu pamoja na kusubiri, jumla robo tatu, kurudisha nusu. Ni saa 4.5, sawa na Sh 45,000. Tuseme vifaa ni Sh 40,000, kwa kuwa kopo halifunguliwi robo. Jumla Sh 85,000.

Mkwaruzo mmoja umegharimu mara 14 ya joto. Lakini weka mikwaruzo mitano kwenye paneli hiyo hiyo: saa zinapanda hadi kama 5, vifaa ni vile vile, jumla Sh 90,000, yaani Sh 18,000 kwa kila mkwaruzo. Njia ya katikati haimpendi mwenye mkwaruzo mmoja. Inampenda mwenye paneli iliyoraruka kila mahali, kama ile ya ubavuni mwa buti la gari la Probox iliyobeba kreti za soda au magunia ya miraa kutoka Meru miaka mitano mfululizo.

Na hata huyo ana mshindani, naye ni paneli ya mtumba. Kuichomoa ya zamani na kufunga nyingine ni saa moja, Sh 10,000. Toa kwenye 85,000: paneli ya mtumba ikipatikana chini ya Sh 75,000, kujaza na kupuliza kumeshindwa. Ongeza hatari ya kurudiwa. Tuseme kazi moja kati ya nne inabanduka au inakataa rangi na fundi anarudia kwa gharama yako. Wastani wa gharama unakuwa 85,000 ugawe kwa 0.75, karibu Sh 113,000, na paneli ya mtumba inaweza kuuzwa hadi Sh 103,000 na bado ikawa nafuu. Paneli ya mtumba haibanduki. Nakshi yake ilichapwa na kalibu ya kiwanda, mng'ao wake ni ule ule, na mara nyingi ina miaka ya jua inayokaribiana na ya gari lako, jambo ambalo rangi mpya haiwezi kuliiga.

Paneli mpya kutoka kwa mtengenezaji ni habari nyingine. Uzito wake ni kama kilo 1.5, plastiki ya chini ya dola 3, lakini bei mara nyingi huvuka dola 100, maana unachangia kalibu, ghala, meli na faida ya kila aliyeishika njiani. Mitumba haina mzigo huo. Inakuja na vipande vya magari yaliyokatwa Japani au na makontena ya spea kutoka Sharjah, na muuzaji ameshapata pesa yake kwenye injini na gia. Plastiki kwake ni nyongeza inayokula nafasi dukani.

Shida ya mtumba ni rangi. Kijivu si kimoja. Magari ya Toyota yana kibati, mara nyingi kwenye chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango, chenye maneno COLOR na TRIM. Herufi tatu za kwanza ni za rangi ya nje, kwa mfano 1F7, ile fedha tunayoiona kila kona. Zinazofuata, kwa mfano FB13, ni za rangi ya ndani. Mwombe muuzaji akuonyeshe kibati cha gari lililotoa paneli, au piga picha ya chako uende nayo dukani mchana, si jioni chini ya taa. Angalia pia swichi za madirisha: paneli ya gari lenye madirisha ya kuzungusha kwa mkono haitakaa kwenye mlango wa umeme bila kukatwa.

Hesabu inageuka tena ukiwa na magari 20 badala ya moja. Katika zile saa 4.5, kama saa 1.75 ni za praima, kijazio na rangi, nazo karibu zote ni za kusubiri. Kwa gari moja mteja analipia kusubiri. Yadi ya kuuza magari ikipanga paneli nane pamoja, kusubiri ni kule kule kwa zote: saa 2.75 mara nane, ongeza 1.75, ni saa 23.75 badala ya 36, chini ya saa 3 kwa paneli. Rangi nayo inapungua bei. Lita moja yenye yabisi asilimia 15 ikipulizwa kwa unene mkavu wa maikroni 20 ingefunika mita za mraba 7.5, toa nusu inayopotelea hewani, zinabaki kama 3.75, zinazotosha paneli sita. Mwenye gari moja anatumia sehemu ya sita na kuacha iliyobaki igande koponi. Kwa yadi njia ya katikati inaweza kulipa, hasa kwa magari ambayo karatasi ya mnada wa Japani iliyapa C au D kwa upande wa ndani, katika mpangilio ambao A ndiyo bora. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada wa uchakavu umri ukivuka hapo, kwa hiyo gari la C lenye mwaka mzuri bado lina soko, na kulipandisha sura ndani ni kazi ya saa chache.

Kuna plastiki moja ambayo hesabu hizi zote haziihusu: kifuniko cha eabagi, iwe katikati ya usukani, upande wa abiria kwenye dashibodi, au nguzo zenye eabagi ya pazia. Mara nyingi kwa nyuma kimekatwa mstari wa makusudi, na pale unene unaobaki ni takriban nusu milimita, ili kipasuke mahali palipopangwa. Eabagi hufunguka ndani ya milisekunde 30 hivi. Kijazio na mikono mitatu ya rangi juu ya mstari huo hubadilisha nguvu inayohitajika kuupasua, na kijazio kikavu kinaweza kuruka vipande kuelekea usoni. Spiriti na kitambaa, basi. Mkwaruzo wa hapo uache ulivyo.

Kwa mnunuzi anayezunguka yadi, zana ya bei nafuu kuliko zote ni kitambaa kilicholowa spiriti kidogo, kwa ruhusa ya muuzaji, juu ya paneli ya mlango wa dereva na pembeni za buti. Silikoni ikitoka, acha dakika mbili pakauke, kisha inama utazame kwa pembeni. Mistari ikirudi kuwa myeupe, ihesabu kwa paneli badala ya kuihesabu mmoja mmoja, pitisha ukucha, na uliza dukani bei ya mtumba wa kila paneli iliyokwamisha ukucha. Jumla hiyo, pamoja na saa moja ya fundi kwa kila paneli, ndiyo ya kumwambia muuzaji apunguze.